Nyumba Yangu, Ardhi ya Mtu: Niliyojifunza Kwa Kununua Trela Minnesota

Mimi nimezaliwa Majengo, Mombasa, kwenye nyumba ya udongo ya nyanya yangu, na ardhi ilikuwa ya mtu mwingine. Yaani nyumba ni yetu, mlango wetu, mabati yetu, lakini kila mwisho wa mwezi alikuwa anakuja mzee mmoja na kitabu cha risiti, nyanya anafungua pindo la leso anatoa pesa ya kiwanja, anakatiwa risiti, na ile risiti anaitia kwenye mkebe wa biskuti pamoja na zingine za miaka na miaka. Ukitaka kujenga kwa mawe huruhusiwi. Ukitaka kuuza, unauza nyumba bila ardhi. Hayo tuliyajua tangu wadogo. Ndio maana inaniuma mpaka leo kwamba nilikuja Marekani nikanunua nyumba ya aina ile ile na sikuuliza hata swali moja katika yale ambayo nyanya angeuliza.

Naandika kwa sababu hapa Minnesota kila baada ya muda kuna dada ama kaka wa kwetu ananipigia, amesikia naishi kwenye nyumba yangu na silipi mogeji, yaani mkopo wa nyumba, anataka kujua nimefanyaje. Naeleza kwa simu nusu saa halafu kesho yake napigiwa na mwingine. Sasa wacha niandike yote mara moja, na hesabu zake, na makosa yangu.

Mwaka 2020 nilikuwa napanga nyumba ya vyumba viwili Brooklyn Park, mimi na watoto wangu wawili, nalipa dola 1,280 kwa mwezi. Nafanya kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku, na ile mwaka 2020 mnajua ilivyokuwa kwenye nyumba za wazee, sitaki hata kuirudia. Barua ikaja kwamba mkataba mpya ni 1,395. Nikakaa ndani ya gari pale pakingi nikalia. Mwenzangu mmoja wa kazini, Mmarekani, akaniambia mbona usitafute mobaili homu, mamake anaishi kwenye moja huko kaunti ya Anoka na analipa kiwanja tu.

Kwa asiyejua, hii ni nyumba inayotengenezwa kiwandani nzima nzima, juu ya chesisi ya chuma, inavutwa na lori mpaka kwenye kiwanja cha kukodi, ndani ya sehemu yenye viwanja vingi vya mwenyewe mmoja, inawekwa juu ya matofali na kufungwa na minyororo ama mikanda ya chuma isibebwe na upepo. Chini inazungushiwa paneli za plastiki zinaitwa sketi. Watu wengi bado wanaziita trela na mimi pia naita hivyo, ingawa zile zilizotengenezwa kuanzia tarehe 15 Juni 1976 zinafuata sheria ya serikali kuu ya ujenzi na jina lake rasmi ni lingine. Hiyo tarehe ishike kichwani. Ya kabla ya hapo, hata ukipewa bure fikiria mara mbili, maana benki nyingi hazitaki kuikopesha na sehemu nyingi za viwanja hazikubali iingizwe. Ya baada ya hapo inatakiwa iwe na kibati chekundu kidogo kimepigwa ribiti ukutani kwa nje, upande wa nyuma, na kama nyumba ni ya vipande viwili basi kila kipande na chake. Ndani kuna karatasi imebandikwa, mara nyingi kwenye kabati la jikoni ama karibu na boksi la umeme ama ndani ya kabati la nguo, inasema imetengenezwa lini, wapi, na paa na kuta zimeundwa kuhimili theluji na upepo wa kiasi gani. Kuna watu wanaing'oa wakipaka rangi. Mimi yangu niliikuta na sikuisoma.

Nikapata moja ya mwaka 1988, vyumba vitatu, ndefu nyembamba, bei dola 24,000. Kodi ya kiwanja 465. Wallahi nilivyosikia 465 sikusikia kitu kingine tena. Nilikuwa na 13,000 za akiba, na sisi akina mama 11 tuna mchezo wetu, kila mtu dola elfu moja kwa mwezi, nikawaomba wenzangu wanisogezee zamu wakanikubalia, Mungu awalipe. Sikutaka mkopo kwa ajili ya riba, lakini hata wewe usiyejali riba jua kwamba mkopo wa trela iliyo kwenye kiwanja cha kukodi si mogeji. Unahesabiwa kama mkopo wa gari, riba yake iko juu kuliko ya nyumba ya kawaida na muda wa kulipa ni mfupi. Nimeona watu wanaambiwa "ni mia nne tu kwa mwezi" wanasaini, hawajumlishi na kiwanja.

Kosa la kwanza nilifanya siku ile ile. Muuzaji alisema kuna mtu mwingine anakuja jioni na pesa, nikampa arubuni dola 2,000 keshi akaniandikia kwenye karatasi ya daftari. Kumbe hata kama mmekubaliana na muuzaji, lazima meneja wa ile sehemu akukubali wewe kama mpangaji wa kiwanja. Kuna fomu, kuna ada, wanaangalia krediti, yaani historia yako ya kulipa mikopo, wanaangalia kama una kesi, wanataka hati za mshahara. Krediti yangu haikuwa mbaya, ilikuwa haipo, maana mimi maisha yangu yote nalipa keshi. Nikakaa wiki tatu sijui kama nitakubaliwa, na 2,000 zangu ziko mfukoni mwa mtu ambaye hapokei simu. Nilikubaliwa mwishowe kwa sababu mwenye nyumba wangu wa zamani aliniandikia barua kwamba miaka minne sijachelewesha kodi hata siku moja. Kwa hivyo fuata hivi: meneja kwanza, pesa baadaye. Na kama ni lazima utoe arubuni, iandikwe kwamba ukikataliwa na meneja inarudi yote.

Kosa la pili ni taito. Trela haina hati ya ardhi, ina taito kama gari, na hapa Minnesota inatolewa na ofisi ile ile ya leseni za udereva na magari. Mimi nililipa pesa yote siku ya Jumamosi, nikapewa funguo, nikaambiwa taito inakuja. Ilivyokuja ilikuwa na jina la mtu mwingine kabisa, mume wa zamani wa yule mama aliyeniuzia, na hakuwa amesaini. Halafu nikagundua huwezi kuhamisha taito mpaka kaunti ithibitishe kodi ya serikali ya ile nyumba imelipwa, na ile ilikuwa na deni la dola 1,140. Ndio, trela ina kodi ya serikali, hata kama ardhi si yako, bili inakuja katikati ya mwaka. Nani alilipa lile deni? Mimi. Na ilichukua miezi mitano kumpata yule baba asaini, miezi mitano nalala kwenye nyumba ambayo kwa karatasi si yangu. Ukitaka kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe taito kabla hujatoa hata senti, soma jina, linganisha na kitambulisho chake, soma namba ya nyumba ulinganishe na iliyo kwenye nyumba yenyewe, angalia kama kuna benki imeandikwa inadai. Halafu piga simu kaunti ulizia deni la kodi, haichukui hata dakika kumi. Ukishahamia, jaza fomu ya kaunti ya kuonyesha kwamba wewe ndiye unayeishi hapo, inapunguza kodi. Mimi niliijua mwaka wa pili.

Sasa nije kwenye nyumba yenyewe. Fundi wa kukagua angenichukua kama dola 350 na nikaona ni pesa nyingi. Niliangalia kama mtu anayeangalia nyumba ya kupanga: kapeti safi, jiko linawaka, choo kinavuta maji. Sikuinama hata mara moja kutazama chini.

Chini ya trela ndiko kwenye nyumba yenyewe. Kuna mfuko mweusi mkubwa umefunika tumbo lote la nyumba, ndani yake kuna pamba ya kuzuia baridi, na mabomba ya maji yamepita humo. Kwangu ule mfuko ulikuwa umechanika sehemu tatu na panya wameshatoa pamba yote wakajengea. Na lile bomba linalotoka ardhini kupanda kwenye nyumba linazungushiwa waya wa umeme wa kulipasha joto, ukichomoa tu hapo msimu wa baridi basi. Wangu ulikuwa umekufa sijui tangu lini. Sikujua hata kama kuna kitu kama hicho duniani, mimi mtoto wa pwani ningejuaje.

Februari 2021 ikaja ile baridi, wengi mnaikumbuka, siku nyingi mfululizo chini ya sifuri ya Fahrenheit. Nimerudi kazini saa moja na nusu asubuhi nafungua bomba niweke chai, hakuna kitu. Nikafikiri maji yamekatika kote. Nina jirani, mzee mmoja mweupe, yeye kaishi pale zaidi ya miaka thelathini, akaja na tochi na mashine ya kukaushia nywele ya mkewe, akatoa paneli moja ya sketi akalala kwenye theluji akaingia chini hadi kiunoni. Bomba lilikuwa limepasuka. Na akaniita, akaniambia njoo uone. Nikalala kifudifudi na koti langu la kazini nikachungulia, bomba lote lilikuwa la plastiki ya kijivu, laini, na maandishi PB2110. Akatikisa kichwa. Hayo mabomba yaliwekwa kwenye nyumba nyingi sana za hapa kati ya mwisho wa miaka ya 70 na katikati ya 90, yanaoza kutoka ndani, yanapasuka kwenye maungio, na kulikuwa na kesi kubwa kwa ajili yake. Nilitumia dola 3,600 kubadilisha mabomba yote na kufunga mfuko mpya na waya mpya. Siku tisa hatuna maji. Watoto walikuwa wanaoga kwa rafiki yangu Coon Rapids.

Maji yaliyomwagika yakaingia kwenye sakafu. Trela nyingi za zamani sakafu yake si plaiwudi, ni ubao wa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, ukilowa unavimba halafu unakuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Sasa hivi nikienda kumsaidia mtu kuangalia nyumba navua viatu natembea kwa soksi, polepole, mbele ya choo, pembeni ya bafu, chini ya mashine ya kufulia, mbele ya mlango wa nje, chini ya kila dirisha. Mguu unajua. Ukibonyea hata kidogo, hapo kuna maji yameingia. Fungua kabati chini ya sinki utazame rangi ya bomba. Halafu chukua pimamaji ama hata gololi ya mtoto uiweke sakafuni uone inakimbilia wapi, maana ardhi ya huku ikiganda inainuka na ikiyeyuka inashuka, na nyumba inafuata. Mwezi wa tatu ule mlango wangu wa nyuma ulikataa kufunga, nikadhani bawaba, kumbe upande mmoja wa nyumba umeshuka. Fundi alikuja na jeki akaipandisha akaongeza vibao juu ya matofali, dola 900. Hii si ya mara moja, ni ya kila baada ya miaka kadhaa, itie kwenye hesabu.

Hapa Minnesota muuzaji wa trela iliyotumika anatakiwa akupe fomu ya usalama, inaeleza mambo kama madirisha ya kutokea moto ukiwaka, vifaa vya moshi, sehemu ilipo hita. Mimi sikupewa na sikujua kuidai. Na ulizia tufani. Trela si mahali pa kukaa king'ora kikilia, hilo halina mjadala. Uliza kibanda cha kujikinga kiko wapi, kama hakipo mpango wa kukimbia ni upi na mnaenda wapi, halafu tembea na watoto mpaka hapo mhesabu dakika. Sisi ni dakika nne kwa kutembea, mbili kwa kukimbia na mdogo nimembeba.

Kanuni za kiwanja nilizisaini bila kusoma, kurasa kumi na saba. Ndugu yangu alikuja kutoka Ohio kutafuta kazi akakaa kwangu wiki sita, nikapata notisi mlangoni kwamba nina mtu asiye kwenye mkataba. Kumbe mgeni ana siku zake, akizidisha lazima aombewe. Nikaona aibu sana kumwambia ndugu yangu tumbo moja atoke nyumbani kwangu. Tukajaza fomu akakubaliwa, lakini ile hali ya kuwa ndani ya nyumba yako unaomba ruhusa kwa mtu ya nduguyo kulala, ilinikumbusha nyanya alivyokuwa anaomba ruhusa kubadilisha makuti aweke mabati.

Mwaka 2022 sehemu yetu ikauzwa. Mwenyewe wa zamani alikuwa familia moja, walizeeka, wakauzia kampuni ya mbali. Kwanza walipaka rangi ofisi. Halafu 465 ikawa 535. Halafu maji, ambayo yalikuwa ndani ya kodi, yakatolewa yakawekewa mita, kila mtu na bili yake. Halafu 610. Hapa ndipo wenye kuangalia bei tu wanakwama, maana utasema basi nahamisha nyumba yangu. Nilipiga simu kwa watu wanaohamisha, bei ya chini niliyopewa ilikuwa dola 9,000, kuvunja na kuvuta na kuifunga upya, na hata hivyo sehemu tatu nilizoulizia hazichukui nyumba ya 1988. Kwa hivyo yule mwenye ardhi anajua huendi popote. Unaweza kuuza, lakini anayenunua anaangalia kodi ya kiwanja kwanza, na kila kodi ikipanda, bei ya nyumba yako inashuka.

Sheria ipo, na niliijua nikiwa nimechelewa. Hapa jimboni kodi ya kiwanja haiwezi kupandishwa zaidi ya mara mbili ndani ya miezi 12 na lazima upewe notisi ya maandishi ya siku 60. Haisemi mwisho ni dola ngapi. Lakini wapangaji wana haki ya kuungana, na kuna shirika la wapangaji wa sehemu hizi, All Parks Alliance for Change, walitueleza haki zetu kwa lugha ya kueleweka. Pia kuna sehemu ambazo wakazi wenyewe waliungana wakanunua ardhi kama ushirika, New Hampshire walifanya hivyo mwaka 1984 na hapa Minnesota zipo, zinasaidiwa na Northcountry Cooperative Foundation ya Minneapolis. Kama ningeanza leo, ningetafuta hizo kwanza, hata kama ni mbali na kazi. Na kama ni ya mtu binafsi ningeuliza waziwazi: kodi ilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita, ya mwaka jana ngapi, mwenyewe ni nani, anaishi wapi, anafikiria kuuza? Ningeuliza majirani, si meneja. Piga hodi tatu tu Jumapili mchana, watu wanakuambia kila kitu.

Hesabu yangu ya kweli ya mwezi leo ni kiwanja 610, maji na taka kama 70, bima 65, gesi na umeme ukigawa mwaka mzima kama 190, kodi ya serikali kidogo, na mimi naweka 100 pembeni za matengenezo kila mwezi hata kama hakuna kilichoharibika. Inakaribia 1,050. Si ile 465 niliyoisikia. Lakini nyumba kama niliyokuwa nimepanga sasa hivi imepita 1,600, watoto wangu kila mmoja ana chumba, sukumawiki zangu ziko pembeni ya ngazi kuanzia mwezi wa tano, na hakuna mtu anayekanyaga juu ya kichwa changu nikilala mchana baada ya zamu. Sijuti kununua. Najuta nilivyonunua.

Mwaka jana ofisi mpya ilibadilisha kompyuta zao wakanitumia barua kwamba nadaiwa miezi miwili, Agosti na Septemba ya mwaka waliochukua, na nisipolipa wataanza kesi ya kunitoa. Dola 1,070. Nilitetemeka mikono. Halafu nikaenda chumbani nikatoa mkebe wa biskuti, wa buluu, niliununua makusudi baada ya lile la taito, nimeweka humo kila risiti, kila nakala ya hundi, kila notisi waliyobandika mlangoni. Nikaubeba vile ulivyo mpaka ofisini nikaufungua juu ya meza ya meneja. Alizipiga picha moja moja, akapiga simu makao makuu, nikangoja pale kwenye kiti kama dakika arobaini. Akanipa karatasi yenye sahihi kwamba sidaiwi. Hiyo nayo nikaitia mkebeni, juu kabisa.